Nasaba ya Harald wa Nywele Nzuri

Husemwa kwamba wafalme wote wa Norway ya zama za kati walikuwa uzao wa Harald wa Nywele Nzuri, anayehesabiwa kuwa mfalme wa kwanza wa Norway, aliyefariki takriban 932. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Nasaba hiyo imejengwa zaidi na simulizi za karne ya 12 na 13. Harald Hardrada, mfalme tangu 1046, alichangia na Mtakatifu Olav, mfalme wa kabla yake, mama tu, Åsta. Kuunganishwa kwa baba wa Hardrada na Harald wa Nywele Nzuri kuna shaka kubwa. Harald Gille ndiye mfano bora wa madai ya ukoo yasiyo na hakika: alitoka Ireland, akadai ni mwana wa Mfalme Magnus wa Tatu wa Norway, akakanyaga vyuma vya moto kuthibitisha. Mwaka 1130 akawa mfalme.