Maana ya mgao, kwa mifano ya huku Kusini mwa Tanzania

"Mgao unaanza Jumatatu." "Mgao wangu sijauchukua." Ni neno lilelile, ila katika sentensi ya kwanza ni utaratibu wa kugawa, na katika ya pili ni fungu lenyewe, kile unachobeba begani au kwenye bodaboda. Mara nyingi watu hubishana ofisini kwa sababu mmoja anazungumzia utaratibu na mwenzake anazungumzia fungu.

Neno hili limetokana na kitenzi gawa, na ndugu zake wanachanganywa sana. Kugawa ni kutoa: yupo mwenye kitu, na wapo wanaopokea. Kugawana ni kazi ya watu wenye haki juu ya kitu kilekile, kila mmoja akachukua chake. Kugawanya ni kukata kitu vipande, hata kama hakuna anayepewa. Chombo kikitia nanga Mikindani, kwanza zinatolewa gharama za mafuta na barafu, kisha mwenye chombo anachukua sehemu yake na wavuvi wanagawana inayobaki. Mvuvi hapo hagawiwi. Anachukua jasho lake. Na zile samaki za kitoweo, zinazotolewa pembeni kabla ya hesabu, hakuna anayeziita mgao.

Mgao kwa maana kamili unahitaji mambo mawili: kitu kisichotosha kila mtu kuchukua anavyotaka, na kigezo cha kuamua nani apate kiasi gani. Kitu kikiwa tele, watu wanajichotea tu. Kigezo kisipokuwepo, ni zawadi au ni upendeleo.

Kwa mkulima wa Tandahimba, Newala au Ruangwa, mgao unaomgusa zaidi ni wa salfa ya unga, dawa ya kupulizia mikorosho wakati wa maua dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Salfa ya serikali ni ruzuku, nayo pia ina mgao, na hayo ni mambo tofauti. Ruzuku inahusu bei: nani amelipia, yote au sehemu. Mgao unahusu kiasi: wewe unaondoka na mifuko mingapi. Kuna misimu salfa imetolewa bure kabisa na bado watu wakanuna, maana bure haijibu swali la mingapi.

Tuseme chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijiji, kimepokea mifuko 1,200 ya kilo 25, na wakulima walioandikishwa ni 400. Ukigawa kwa vichwa, kila mtu anapata mifuko mitatu. Inaonekana haki, mpaka mzee mwenye mikorosho 300 asimame nyuma ya kijana mwenye mikorosho 40, wote wakiondoka na mifuko mitatu. Basi gawa kwa miti. Ikiwa miti yote iliyoandikishwa ni 60,000, mfuko mmoja unaangukia mikorosho 50. Mzee sasa anapata mifuko sita. Kijana anastahili kilo 20, yaani mfuko usiotimia, na ghalani hawafungui mfuko. Kinachofanyika ni majirani kuungana: huyu ana miti 40, yule 35, mwingine 25, jumla miti 100, wanapewa mifuko miwili na wanakwenda kupimiana nyumbani, kilo 20, kilo 17 na nusu, na kilo 12 na nusu. Ghalani wamegawiwa, barazani wanagawana.

Tena mgao si hitaji. Kipimo kilichozoeleka ni kama robo kilo ya salfa kwa mti kwa kila mpulizo, hivyo mfuko wa kilo 25 unamaliza mikorosho 50 kwa mipulizo miwili tu, wakati msimu unataka zaidi ya hiyo. Mkulima aliyepata mgao wake wote, bila kudhulumiwa hata gramu moja, bado ataingia dukani kununua nyingine.

Ugomvi wenyewe uko kwenye kigezo. Kigezo cha miti kinamfaa mwenye shamba kubwa hata kama nusu yake ni pori asilolipalilia. Kigezo cha kilo ulizouza msimu uliopita kinamfaa aliyepeleka korosho zake chamani, na kinamwadhibu aliyeuza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya chama, kwa sababu kilo zake ziko kwenye daftari la mtu mwingine. Na mikorosho iliyowekwa rehani? Jina kwenye orodha ni la mwenye shamba, anayepulizia na kuvuna msimu huu ni aliyeshika rehani, na mgao unatoka kwa jina. Mimi naona aliyebeba pampu ndiye apewe, lakini makubaliano mengi ya rehani yanafanywa kwa mdomo, na mwenye ghala hana cha kushika zaidi ya orodha.

Juu zaidi ya kijiji, neno ni lilelile ila kinachogawiwa ni pesa. Ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ulikuwa na mgao uliojulikana: asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao, zikiwemo pembejeo, na asilimia 35 ilikwenda Hazina. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha ilibadilisha, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa Kusini wakapinga bungeni. Wenyewe hawakuwa wakibishania ukubwa wa ushuru bali mgao wake. Serikali ikikwambia "mgawanyo wa mapato", ndiyo habari hiyohiyo kwa lugha ya ofisini. Mgawanyiko ni kitu kingine kabisa, ni watu kutengana.

Kwa mtu wa mjini mgao siku hizi ni giza. Ukisema "kuna mgao" bila kutaja wa nini, kila mtu anaelewa ni umeme. Maana hiyo ilikolea katika miaka ya ukame mabwawa yalipopungua maji, kama 2006 na 2011, ikarudi mwishoni mwa 2023. Kisarufi ni sahihi: umeme usipotosha, mitaa inapewa kwa zamu. Lakini zamu lazima itangazwe. Umeme unaokatika wakati wowote bila ratiba si mgao, ni kukatika, na shirika lolote likiuita mgao linajipamba.

Limebaki jambo la malipo ya korosho. Pesa zinazoingia baada ya mnada wa stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kungoja ziuzwe, si mgao, ni bei ya mali yako baada ya makato. Yale malipo ya nyongeza yaliyokuwa yakija mwisho wa msimu, majaliwa, yako karibu zaidi na mgao, kwa kuwa yaligawiwa kufuata kilo za kila mkulima, ingawa nayo yalitoka kwenye korosho zilezile. Gawio ni la mwenye hisa, kwenye kampuni au benki iliyopata faida. Ukiambiwa "njoo uchukue mgao" na pesa zenyewe ni za korosho ulizopeleka mwenyewe ghalani, omba kuona makato.