Gari kulala nyuma siyo kosa la shokapu

Jana kaja mteja tena. Siyo yule wa wiki iliyopita, huyu mwingine, Probox yake nyuma imekalia matairi kabisa, mkononi kashika boksi mbili za shokapu mpya katoka nazo maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, "fundi nifungie hizi gari ipande." Nikamwambia kaka, nikikufungia hizi gari itabaki palepale. Akaniangalia kama namzibia riziki.

Jamani, shokapu haibebi gari! Anayebeba ni springi. Springi ukiibonyeza inarudi kwa nguvu, inapanda inashuka inapanda inashuka, sasa shokapu kazi yake ni kuituliza: mle ndani kuna pistoni inasukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo sana, oili inagoma kupita haraka, ule mruko wote unageuka joto. Ndo maana ukitoka barabara mbovu ukaigusa unaikuta ina moto. Kama ya kulia ina moto na ya kushoto imepoa, mi naanza kuishuku ya kushoto. Angalia tu usiguse ekzosi.

Kinachowachanganya watu ni shokapu za gesi. Ukikata ule mkanda iliofungiwa dukani, fimbo inatoka yenyewe taratibu, gesi inaisukuma. Ukifunga mbili kwenye gari tupu inaweza kunyanyuka kidogo, mwenye gari anafurahi, anaenda kuwaambia wenzake wote kijiweni kwamba dawa ni shokapu. Kesho anapakia magunia ya vitunguu, gari chini. Na hapo ndo anaiua ile mpya, maana springi ikichoka pistoni inafanya kazi karibu na mwisho kila siku, kila shimo inagonga stopa, halafu akija anasema kauziwa feki. Feki zipo, sikatai, lakini siyo kila mara.

Huyu wa jana nilimtolea springi moja nikaisimamisha chini pembeni ya mpya. Fupi karibu vidole viwili. Alikaa kimya.

Kubadilisha shokapu zenyewe siyo kazi kubwa. Nati zipulizie dawa ya kutu tangu jana yake. Gari iweke kwenye stendi halafu jeki nyingine ikae chini ya ekseli, hili usiliruke, kwa sababu shokapu ndo inazuia ekseli isishuke sana, ukiifungua bila jeki ekseli inadondoka, inavuta paipu ya breki na springi inaweza kuchomoka. Shokapu mpya isimamishe wima uipampu mara tatu nne itoe hewa, na ile fimbo inayong'aa usiishike na plaizi, mkwaruzo mmoja unakula sili, ile raba inayozuia oili isitoke. Badilisha zote mbili. Corolla 110 ni habari nyingine, ile shokapu na springi zimekaa pamoja, bila kompresa ya springi, kile kifaa cha kuibana, usithubutu, na wanaozibana kwa waya wanacheza na sura zao.

Kukaza sasa. Nati za kwenye bushi, zile raba za kwenye maungio, zikaze mwisho gari ikiwa imekaa kwenye uzito wake. Ukizikaza ekseli inaning'inia, bushi inabaki imejikunja muda wote na inachanika mapema. Kwa bushi za arm, vile vyuma vinavyoshikilia ekseli, hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi, kwa bushi ndogo za shokapu sina uhakika sana kama tofauti ni kubwa, ila nafanya hivyohivyo.

Na lile la kubonyeza kona ya gari kuhesabu inaruka mara ngapi, vitabu vinalipenda, mi siliamini kihivyo. Linakamata shokapu iliyokufa kabisa. Iliyochoka nusu inapita, halafu ukiwa spidi themanini kwenye matuta ya rasta nyuma inahama yenyewe. Hata unyevu wa oili kwenye mwili wa shokapu unanipa shida: ukungu mwembamba juu karibu na sili naweza kuuacha, mafuta yakishatiririka mpaka chini yamechanganyika na vumbi natoa bila kujadili. Katikati ya hapo naamua kwa kuiendesha, na kuna siku nakosea.

Yule kaka alirudi Gerezani kutafuta springi. Shokapu nilimwambia aziache hapahapa, maana ile ya zamani ya kulia kweli ilikuwa inatiririsha.