Rangi Moja Ndani ya Picha Nyeusi na Nyeupe ya Paka au Mbwa

Kubakiza rangi ni mtindo wa kuhariri picha ambao picha nzima hugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, ila sehemu moja huachiwa rangi yake. Kwa paka au mbwa, sehemu hiyo huwa macho, ulimi au mkanda wa shingoni. Picha yenyewe hupigwa kwa rangi kama kawaida, kisha kazi hufanyika kwenye simu au kompyuta. Wazo hili si geni: tangu karne ya 19 mafundi wa studio walipaka rangi kwa brashi kwenye mashavu na vito vya watu katika picha zilizokwisha kusafishwa. Wao waliongeza rangi, sisi tunaiondoa.

Mtazamaji hukimbilia rangi kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana siupendi mkanda mwekundu kwenye shingo ya mbwa wa kijivu: unaonekana mkanda kwanza, mbwa baadaye. Rangi inayobaki iwe ya mnyama mwenyewe. Paka mweupe mwenye jicho moja la buluu na jingine la manjano anastahili kabisa. Mbwa wetu wa kienyeji, yule wa rangi ya udongo anayelala kwenye mageti ya Mbezi na Kigamboni, mara nyingi anapendeza zaidi bila rangi yoyote, kwa sababu uzuri wake uko kwenye masikio na umbo la uso.

Ukichagua macho, fikiria mwanga kabla ya kushika simu. Gizani mboni ya paka hutanuka na kufunika karibu rangi yote ya jicho. Kwenye jua kali la saa saba mchana hapa Dar mboni hubana ikawa kama uzi, rangi ikajitokeza, lakini paka naye hufumba macho. Barazani kwenye kivuli, akitazama uani palipo wazi, unapata vyote viwili: rangi pana na macho yaliyo wazi, pamoja na ule mng'ao wa anga unaolitia jicho uhai. Flashi iache kabisa. Nyuma ya jicho la paka na mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, mara nyingi kwa kijani au manjano, na hiyo si rangi ya macho yao.

Kwenye Snapseed, programu ya bure ya kuhariri picha kwenye simu, weka nyeusi na nyeupe, kisha fungua orodha ya mabadiliko uliyofanya na utumie brashi kuamua yaguse wapi. Kama programu yako inaruhusu kurekebisha kila rangi peke yake, fanya hivyo: manyoya ya kahawia na majani mabichi huweza kuangukia kijivu kilekile, mbwa akamezwa na bustani. Ng'arisha rangi ya chungwa, ambayo ndiyo iliyo ndani ya kahawia, fifisha kijani, na atajitenga. Macho nayo yapunguzwe rangi kidogo, la sivyo yataonekana yamebandikwa.

Picha ya namna hii huchapwa kwa wino wa rangi, si mweusi pekee, kwa hiyo kijivu chake huweza kutoka na ukijani au uzambarau kidogo. Kwenye studio yoyote, Kariakoo au mtaani kwako, omba wakutolee kwanza nakala ndogo ya majaribio, uitazame nje kwenye mwanga wa mchana kabla ya kulipia kubwa ya ukutani.