Arjuna naye miguu ilikataa: maneno ya Gita kwa kijana wa Lubumbashi mwenye anaogopa kesho

Kijana mumoja alifika kwetu saa nane, jua kali, na farde ya plastiki mukononi. Ndani mulikuwa diplomi yake ya iniva na kopi tisa za CV zenye kona zimeanza kukunjika. Akakaa, akaweka telefone juu ya meza, kioo chini, na kila mara ikitetemeka anaigeuza, anaangalia, anairudisha. Nilihesabu mara kumi na moja mbele ya kufika kwenye shida yenyewe. Miaka tatu bila kazi, wenzake wenye walisoma naye wako Kolwezi, mji wa migodi, wanatuma picha za magari, papa yake anamuuliza minervali yote ile tulilipa ya nini, na franka kidogo yenye anapata anaiweka kwenye pari ya mpira, ile ya kubeti. Halafu akasema pole pole, "Mwalimu, hata nikiamka asubuhi miguu inakataa."

Mi nafundisha historia ya dini, na siku mbili kwa wiki nasikiliza vijana kwenye kituo chetu. Ile siku nilifungua Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, juu ile kitabu inaanza vilevile kabisa, inaanza na mtu mwenye miguu imekataa.

Mbele ya kuendelea niweke jambo moja wazi, maana hapa kwetu watu wanachanganyaka. Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini ya Uhindu, na si kila Mhindi ni Mhindu, kuko Wahindi Waislamu, kuko Wakristo. Ukiingia kwenye duka mjini ukaona pembeni ya penye wanalipia picha ndogo ya mwenye kichwa cha tembo, na ubani unawaka, hapo uko kwa Mhindu, na ule mwenye picha njo Ganesha, mungu mumoja wa Wahindu. Na simwambii mtu abadilishe dini. Mama aendelee na kwaya yake, papa aende muskiti wake, mi naleta hekima ya watu tu, kama vile tunatumiaka mithali ya kabila ingine ikitusaidia.

Sasa Gita. Ni sura 18, beti 700, nayo ni kipande kidogo tu ndani ya Mahabharata, utenzi mrefu sana wa India. Arjuna ni fundi wa mishale, hakuna wa kumushinda, gari lake la farasi limesimamishwa katikati ya majeshi mawili kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra, na mwenye kuendesha ni Krishna, mwenye Wahindu wanamuabudu kama Mungu. Anaangalia mbele anaona babu, walimu wake, binamu. Ubeti unasema mdomo unakauka, mwili unatetemeka, manyoya yanasimama, ngozi inawaka kama moto, upinde unateleza mukononi. Anakaa chini ndani ya gari. Huyu si mwoga wala mjinga, ni mtu bora wa kizazi chake, na siku yenyewe yenye alijitayarisha maisha yote njo anaanguka. Vijana wengi wanafikaka kwetu na haya wakidhani kuvunjika moyo ni alama ya kwamba hawafai, nami nawaonyesha kwamba kitabu kitakatifu cha mamilioni ya watu kimefungua mlango wake na mtu mwenye analia.

Kuko kitu hapo chenye mi naona wazazi wangesoma mara mbili. Krishna kwanza anamukaripia, beti mbili tu, kwamba huu udhaifu haukufai, simama. Na haisaidii. Arjuna anaendelea kujieleza, mpaka anafika kusema nimechanganyikiwa, mi ni mwanafunzi wako, nifundishe, halafu ananyamaza. Mafundisho yanaanza nyuma ya pale. Papa mwenye kila jioni anamwambia mtoto "wenzako wamefika" yuko bado kwenye zile beti mbili.

Ubeti wenye najulisha kila kijana ni wa 47 wa sura ya pili. Kwa Kiswahili chetu mi nautafsiri hivi: haki yako iko juu ya kazi, juu ya matunda yake hapana hata siku moja, usifanye kazi juu ya matunda, na usipende tena kukaa bila kufanya. Watu wanasikia nusu ya kwanza wanakimbia nayo, wanasema aa kumbe ni kama sisi tunasemaka Mungu iko, tukae tungojee. Hapana! Nusu ya mwisho inakataza kukaa. Kwa hiyo ubeti unafunga milango mbili pamoja, ule wa kuteswa na matokeo na ule wa kukunja mikono, unabakiza njia moja katikati.

Tuiweke Lubumbashi. Ukipeleka CV yako kwa kampuni ya mgodi, nini iko ya kwako? Kuiandika vizuri bila makosa, kuifikisha kwa mkono, kurudi kuuliza na heshima, kujifunza Kiingereza kidogo juu kampuni nyingi za mgodi zinakiomba. Nini si ya kwako? Mkubwa wa rekrutema ana mpwa, bei ya madini inapanda inashuka huko mbali, siku ile kompyuta yao imezimika. Kijana wetu alikuwa anabeba vyote viwili kama mzigo mumoja, njo maana miguu ilikataa, mtu hawezi kuamka kila asubuhi abebe bei ya madini kichwani. Nilimuomba achore mstari katikati ya karatasi, kushoto yangu, kulia si yangu. Upande wa kulia ulijaa haraka sana. Upande wa kushoto aliandika vitu vine, polepole, na alipofika cha ine akaiweka telefone mufukoni mwenyewe bila mi kumuambia.

Ile ya pari Gita imeieleza vizuri kuliko mi ningeweza, sura ya pili, beti 62 na 63, ni kama ngazi ya kushuka. Mtu anawaza-waza kitu, kule kuwaza kunazaa kushikamana, kushikamana kunazaa tamaa, tamaa inazaa hasira, hasira inaleta giza la akili, giza linaleta kusahau, kusahau kunavunja akili ya kuchagua, na hapo mtu amekwisha. Angalia mahali inaanzia. Si pale anatoa franka. Inaanzia kwenye kuwaza, saa anaangalia mechi za kesho akiwa bado kitandani, anapiga hesabu ya faida yenye haijakuwako. Na lile neno la kusahau ni kweli tupu: wiki iliyopita aliapa mbele ya mama yake kwamba hachezi tena, na hakudanganya, alisahau tu. Kwa hiyo mwenye anataka kuacha asingoje kupigana pale chini penye maji yamemufika shingoni, akate pale juu, atoe ile programu kwenye telefone, asikae na wale wenye wanaongea tiketi toka asubuhi. Arjuna mwenyewe alilalamika kwamba kushika akili ni kama kushika upepo. Krishna akakubali, kweli ni ngumu, halafu akamupa vitu viwili: mazoezi ya kila siku na kujiachilia. Hakumuambia ni jambo la siku moja.

Juu ya kujilinganisha na wenzako, sura ya tatu inasema afadhali wajibu wako mwenyewe hata ukiufanya na kasoro, kuliko wajibu wa mwingine ukiufanya vizuri. Wajibu huo njo wanauita dharma. Hapa lazima niseme ukweli wote, juu ubeti huu umetumiwa vibaya. Kwa miaka mingi kuko watu wameutumia kufunga maskini ndani ya tabaka lenye alizaliwa, wewe ni wa kufagia, fagia mpaka kufa. B. R. Ambedkar, mwenye aliongoza kamati ya kuandika katiba ya India, alizaliwa kwenye lile tabaka la chini, akapinga maneno hayo kwa nguvu zake zote, na katiba hiyo yenye ilianza kutumika 1950 imepiga marufuku kumuhesabu mtu kuwa najisi. Mi nausoma ubeti kwa namna ingine: usiishi maisha ya picha ya mwenzako. Kama mikono yako inajua kushona, shona, hata kama Facebook yote imehamia Kolwezi.

Kuko wenye wananiuliza, Mwalimu, sisi nchi yetu imechoka vita, unatuletea kitabu chenye kinamwambia mtu apigane? Swali ni zuri na silikwepi. Wahindu wenyewe wamebishana juu yake. Gandhi, mwenye aliongoza India kupigania uhuru bila silaha, na mwenye aliiita Gita mama yake, alisema uwanja ule ni moyo wa mtu, na wale maadui ni tamaa na hasira. Mi nasimama na Gandhi.

Na huyo Gandhi, vijana wetu wangependa kujua vile aliipata. Ilikuwa 1889, London, anasomea sheria, Waingereza wawili wakamuomba wasome naye Gita, akaona haya kwa sababu alikuwa hajaisoma hata kwa lugha ya kwao. Mgeni njo alimufungulia kitabu cha nyumbani. Baadaye, akiwa Afrika ya Kusini, alibandika beti kwenye ukuta na kuzishika kwa kichwa akipiga mswaki, dakika kumi na tano kila asubuhi, mpaka akafika sura 13. Dakika kumi na tano za mswaki! Sisi leo hizo dakika njo tunazitoa kwa TikTok mbele hata ya kunawa uso.

Ya kula na kulala nipite haraka: sura ya sita inasema yoga, yaani mazoezi ya kutuliza akili, si ya mwenye anakula kupita kiasi wala mwenye hali, si ya mwenye analala sana wala mwenye halali. Kijana mwenye hajalala toka jana na hajala bukari toka juzi, umulishe kwanza, maneno yatafuata.

Mwisho wa sura ya 18, nyuma ya mafundisho yote, Krishna anamuambia Arjuna: nimekuambia siri zote, uzifikiri vizuri mpaka mwisho, halafu ufanye vile unapenda. Nilipomusomea kijana wetu hapo aliniangalia, akaniomba nirudilie. Nikarudilia. Akauliza, "Vile napenda mi?" Nikamuambia njo vile imeandikwa.

Mwenye anataka kusoma asianze na sura ya kwanza, ni majina mengi ya maaskari. Aanze na ya pili, beti 72, kwa Kifaransa zinapatikana. Kwetu tunasoma pamoja, na karatasi ya mstari katikati tunakupa sisi.