Planta Ifuatayo Ardhi: Tunachokagua na Kwa Nini Nyingi Zinarudi Karakana

Misimu ya karibuni meza ya malalamiko ya kituo chetu cha kupima zana za kilimo imejaa barua zinazofanana. Mkulima amepachika planta, yaani mashine ya kupandia mbegu, kwenye kaltiveta yake ya kutifulia udongo, amepanda shamba zima kwa siku moja, mistari imenyooka, amefurahi. Siku ya kumi anaona mabaka: mita mbili mimea imesimama vizuri, mita moja hakuna kitu, kisha mimea tena, mingine ikiwa na majani matatu na mingine ndiyo kwanza inachungulia. Anayelaumiwa ni muuza mbegu. Tukienda kufukua, mbegu tunaikuta. Penye mbonyeo imelala juu juu, imekauka au imeshadonolewa na ndege. Penye mwinuko imefukiwa mara mbili ya kina kilichotakiwa, chipukizi limejikunja na kuozea humo humo.

Planta ilipita imenyooka kama rula kwenye shamba lisilonyooka. Basi.

Makala haya yanawahusu mafundi wanaobuni zana hizi na wakulima wanaowaagiza. Tunaamini karibu wote wanaoleta zana kwenye kituo chetu cha majaribio wana nia ya kutengeneza kitu kizuri. Lakini zana nyingi zinarudishwa kwa sababu zilezile, nyingine mara tatu, na kila mara fundi amepoteza siku zake na sisi zetu. Ni afadhali tueleze hapa kwa kirefu.

Jibu la kwanza tunalosikia ni "nitaongeza uzito". Mtu anafunga mfuko wa mchanga au kipande cha reli juu ya fremu akiamini kwamba planta nzito hufuata ardhi. Haifuati. Kwenye udongo laini uzito huo unazamisha visu vinavyochana mfuo wa mbegu kupita kiasi, na kwenye udongo mgumu bado mguu mmoja (kisu na vifaa vyake vya kupanda mstari mmoja) ukipanda bonge la udongo unainua na wenzake wote walio kwenye fremu hiyo. Uzito una kazi yake, tutaifikia, lakini kazi hiyo si kufuata ardhi.

Jibu la pili ni kwamba haidroliki ya trekta, mfumo wa mafuta unaoinua na kushusha zana, itafanya kazi hiyo. Hili limeenea mno, hata kwa watu waliosomea zana, kwa hiyo tuliangalie vizuri. Mfumo wa kuunganisha zana kwa pointi tatu pamoja na haidroliki inayojirekebisha ni kazi ya Harry Ferguson, aliyeuboresha katika miaka ya 1920, na ukasambaa sana baada ya kuwekwa kwenye trekta ya Ford 9N mwaka 1939. Ferguson alikuwa anafikiria plau. Plau ikizama, mvuto, yaani nguvu inayohitajika kuivuta, unaongezeka, mkono wa juu unasukumwa, valvu inafunguka na plau inainuliwa kidogo. Kinachopimwa hapo ni mvuto. Planta haivuti kiasi cha kuisumbua valvu hiyo, na mvuto wake ukibadilika, mara nyingi ni ugumu wa udongo uliobadilika wala si kina.

Wengine wanafunga lever ya haidroliki kwenye kimo kimoja wakidhani wamefunga kina. Wamefunga kimo kati ya zana na trekta, na trekta yenyewe inapanda na kushuka. Chukua trekta yenye mita 2 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na visu vikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Magurudumu ya mbele yakipanda mwinuko wa sentimita 10, visu vinashuka sentimita 6. Sekunde moja hivi baadaye magurudumu ya nyuma yanapanda mwinuko uleule, na visu vinapanda sentimita 16. Kama ulitaka kupanda mahindi kwa kina cha sentimita 5, hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza mabaka yote shambani. Wakati wa kupanda haidroliki iachwe ielee, na kina kiamuliwe na gurudumu linalogusa ardhi.

Sasa ni gurudumu gani, na likae wapi? Hapa ndipo zana nyingi zinapoanguka. Fundi anaweka magurudumu mawili makubwa pembeni mwa fremu, au gurudumu moja nyuma ya mguu, sentimita 60 au 70 kutoka kwenye kisu, kwa sababu hapo ndipo kulikuwa na nafasi ya kuchomelea. Gurudumu la nyuma linaleta habari ikiwa imechelewa. Kisu kimeshaukata mwinuko na kimeingia kwenye mbonyeo ulio mbele yake, ndipo gurudumu linapanda mwinuko na kukiinua kisu mahali ambapo kilipaswa kushuka. Kosa linakuwa mara mbili. Gurudumu lisome ardhi palepale mbegu inapoangukia: ubavuni mwa kisu, au ubavuni mwa diski kama unatumia diski mbili, likigusa ardhi karibu na pale diski zinapofikia kina chake kamili.

Ukiweza kuweka magurudumu mawili, moja kila upande wa kisu, yaunganishe kwa mkono mfupi unaobembea katikati, kama mizani. Gurudumu moja likipanda bonge la sentimita 6, kisu kitapanda sentimita 3 tu, kwa sababu jingine bado liko chini. Ni kipande kidogo cha chuma na pini moja, na sijaona kitu kingine cha bei ndogo hivyo kinachosaidia kiasi hicho. Gurudumu lenyewe lisiwe jembamba hadi likazama kwenye udongo uliolimwa, wala dogo hadi likaanguka kwenye kila nyayo ya ng'ombe.

Kila mguu uwe huru. Nasema mguu nikiwa na maana ya kisu, bomba la mbegu, kigawa mbegu na magurudumu yake, vyote vikipanda na kushuka pamoja. Njia rahisi ni mkono mmoja unaozunguka kwenye pini ya mbele, na kwa mbegu ndogo kwenye ardhi ya wastani inaweza kufaa. Lakini mkono mmoja unageuza pembe ya kisu. Mkono wa sentimita 60 ukipanda sentimita 15, kisu kimeinama takribani digrii 14, na bomba la mbegu limeinama nacho. Ndiyo maana tunashauri msambamba: mikono miwili yenye urefu sawa, mmoja juu na mmoja chini, na pini nne. Mguu unapanda na kushuka ukiwa wima vilevile. Unarudi mbele au nyuma kama sentimita 2 hivi katika mwendo huo wa sentimita 15, jambo ambalo mbegu haitalihisi.

Pini na bushi (vibomba ambamo pini huzunguka) za msambamba huo ndizo zinazotupa kazi kubwa. Ukitumia bushi fupi ya milimita 25 yenye uwazi wa milimita 1, ncha ya mkono wa sentimita 60 itayumba pembeni milimita 24, na mstari ulionyooka utausahau. Bushi hiyohiyo ikirefushwa, au bushi mbili zilizowekwa mbali hadi zikashika upana wa milimita 100, zitayumba milimita 6. Chuma kinachoongezeka ni kidogo. Weka pia sehemu ya kutia grisi, na bushi iwe ya kubadilishwa, isiwe tundu lililotobolewa kwenye bamba tu.

Msimu uliopita fundi mmoja alileta planta ya mistari minne iliyochomelewa kwa ustadi. Tulipouinua mguu mmoja kwa jeki sentimita 12, mnyororo wa kigawa mbegu ulilegea, ukaruka meno mawili ya sproketi, gurudumu la meno linaloshika mnyororo, na kutulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Shambani asingejua. Kila mwinuko ungempa pengo, naye angelaumu sahani ya mbegu. Umbali kati ya sproketi mbili usibadilike mguu unapotembea: pitisha mnyororo kwenye pini ya msambamba yenyewe, au weka kivutaji chenye springi. Fundi huyo alichagua njia ya kwanza, na planta yake ilipita.

Springi nazo zina somo lake. Mguu uliorushwa juu sentimita 5 unahitaji sehemu ya kumi ya sekunde kurudi chini kwa uzito wake tu. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, muda huo ni sentimita 22 za shamba zilizopita kisu kikiwa kinaelea. Springi inayosukuma kwa nguvu mara mbili ya uzito wa mguu inapunguza umbali huo hadi sentimita 13. Kupunguza mwendo hadi kilomita 5 kwa saa kunaupunguza bila kununua chochote, lakini wakulima hawapendi kuambiwa hivyo. Mnakimbilia wapi? Ekari iliyopandwa upya imekula mafuta mara mbili.

Springi inasukuma mguu chini kwa kuisukuma fremu juu. Springi nne zenye nguvu ya nyutoni 500 kila moja zinainua fremu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 200 hivi. Fremu ya mabomba mepesi itanyanyuka, gurudumu linaloendesha vigawa mbegu litateleza, na mbegu hazitatoka kwa hesabu. Hapa ndipo uzito una kazi yake, na hapa tu. Kumbuka vilevile kwamba springi inalegea mguu unaposhuka kwenye mbonyeo, wakati ndipo nguvu inapohitajika. Springi ndefu na laini iliyovutwa sana inabadilika polepole kuliko fupi na ngumu iliyovutwa kidogo. Na isizidi: gurudumu linaloshindilia kuta za mfuo hadi zikang'aa linaizuia mizizi.

Kwa wenye matrekta ya mkono, ongezeni jambo moja. Zana ikifungwa kwa bolti mbili ngumu, inafuata mikono ya dereva, na mikono huchoka. Wekeni pini moja ya kulala kuelekea mbele, zana iweze kuinama kushoto na kulia bila kuinamisha mashine.

Kuhusu ukaguzi. Kigawa mbegu tunakijaribu kwanza ndani, juu ya mkanda uliopakwa grisi, kwa kufuata utaratibu wa kiwango cha kimataifa ISO 7256-1 cha mwaka 1984. Nafasi kati ya mbegu na mbegu isiyozidi nusu ya ile iliyokusudiwa inahesabiwa kuwa mbegu rudufu, na inayozidi mara moja na nusu inahesabiwa kuwa pengo. Ukikusudia sentimita 30, basi mipaka ni 15 na 45. Baada ya hapo tunakwenda kwenye njia ya majaribio yenye sehemu tatu: tambarare, matuta yanayokatiza, na sehemu ambayo gurudumu moja la trekta linapita juu na jingine chini. Fundi wetu anapiga magoti, analaza rula ndefu juu ya mfuo, anafagia udongo kwa brashi hadi mbegu ionekane, kisha anapima. Mbegu moja moja, mstari kwa mstari.

Mnaponiletea wastani wa kina pekee, siwezi kuufanyia kazi. Mbegu tano zilizo kwenye sentimita 5 zina wastani sawa na mbegu zilizo kwenye 1, 9, 2, 8 na 5. Tunaangalia zilivyotawanyika. Mkulima anaweza kupima mwenyewe: baada ya mimea kutoka, fukua mimea 20 iliyofuatana bila kuchagua, pima kutoka kwenye mbegu hadi pale weupe wa shina unapoishia na kijani kuanza, andika zote.

Cheti tunachotoa kwa zana iliyopita kinahusu sampuli iliyopimwa, pamoja na michoro iliyogongwa muhuri. Ukibadilisha kipenyo cha gurudumu la kina, urefu wa mikono, aina ya springi au mahali pa gurudumu, cheti hakihusu tena zana hiyo, hata kama rangi na jina ni vilevile. Toa taarifa kwa maandishi kabla ya kuuza. Mara nyingi tutapima upya sehemu iliyobadilika tu. Ukiuza bila taarifa, cheti kinasimamishwa kwa zana zote za aina hiyo hadi sampuli mpya ichukuliwe dukani, wala si karakana. Kubandika alama yetu kwenye zana isiyopimwa kabisa tunalipeleka moja kwa moja kwa mamlaka za sheria, na hapo kituo hakina tena uwezo wa kulirudisha mezani. Kubadilisha rangi, kimo cha hopa (sanduku la mbegu) au kifuniko chake hakuhitaji taarifa. Tunapokea barua nyingi kuhusu vifuniko.

Unapoleta zana, ije na magurudumu yake halisi, si ya kuazima. Mikono ya msambamba iwe imeshatiwa grisi. Lete mbegu ya ukubwa mliokusudia, isiyopungua nusu hopa kwa kila mguu, na spana inayoingia kwenye nati ya kurekebisha kina, kwa sababu kila karakana ina saizi yake na tumeshapoteza asubuhi nzima tukitafuta.