Je, wajua kwa nini batani ya mbwa msaidizi ni ya bluu?

Mwaka 2025 Open University ya Uingereza pamoja na Dogs for Good, shirika linalofundisha mbwa wasaidizi, walitoa batani ya kufungulia mlango au kuwashia feni ambayo mbwa anaibonyeza kwa pua, kwa niaba ya mtu wake aliye kwenye wilchea. Ni ya bluu na pembeni nyeupe. Nilivyoiona nikasema hawa nao, kitu cha kuonekana haraka si kinapakwa nyekundu? Halafu mbwa mwenyewe anaona kama tivii ya zamani isiyo na rangi, sasa bluu ya nini?

Nimekosea mara mbili, na hiyo ya tivii nimetembea nayo tangu shule ya msingi bila kumuuliza mtu. Mbwa anaona rangi, ila chache. Mwaka 1989 Jay Neitz na wenzake huko California waliwapima mbwa watatu (mmoja poodle, kale kambwa kadogo ka manyoya ya kujikunja), na vipimo vya baadaye vimeenda njia hiyohiyo.

Chukulia jicho ni stendi na mwanga ndo abiria. Sisi tuna makonda watatu, ubongo unaangalia nani kajaza gari kiasi gani, hapo ndo unajua hii nyekundu, hii kijani. Mbwa ana makonda wawili tu: mmoja anabeba bluu, mwingine anawasomba waliobaki, wa kijani, njano, nyekundu, wote gari moja, wakishapanda huwezi tena kujua nani ni nani, na wale wa nyekundu wengi wanaachwa barabarani kabisa. Bluu ina gari lake, haichanganywi na mtu.

Ila vipimo vinaonyesha mbwa anatofautisha nini, sio anaihisije hiyo bluu. Na rangi peke yake haifungui mlango. Batani ya chuma iliyo laini, ibonyeze kwa pua yenye majimaji uone inavyoteleza, kwa hiyo hii wameipa uso mkubwa, umebinuka kidogo na unakwaruza, pua isiteleze.

Mpira mwekundu dukani, huo umechaguliwa na jicho la mnunuzi. Ukitua kwenye majani mabichi mbwa anautafuta kwa pua.