Je, wajua kwamba kulea mtoto huweza kushusha homoni ya kiume mwilini mwa baba?

Katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, asubuhi utamkuta mama akitandaza dagaa juani huku mtoto amefungwa kanga mgongoni, na ukiuliza kwa nini hajabebwa na baba yake, huenda ukajibiwa kwamba mwanamume hakuumbiwa kulea. Wanaopenda kutaja sayansi huongeza kwamba mwanamume ana testosteroni, homoni inayomsukuma kushindana na kutafuta wenzi, hivyo jeni zake zimekwisha kuamua.

Ni kweli kwamba jeni iitwayo SRY, iliyo katika kromosomu Y, huanzisha kuumbwa kwa korodani mimba ikiwa na wiki chache tu, na korodani ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya testosteroni. Kosa huanzia pale mtu anapodhani kwamba homoni huamuru na tabia hutii, ilhali tabia nayo huibadili homoni.

Chukua karabai ya mvuvi. Umbo lake na ukubwa wa tangi vilikwisha kuamuliwa na fundi, lakini mwanga wake usiku wa leo unategemea mkono unaopiga pampu: presha ikipanda taa hung'aa, ikishuka hufifia, na taa ni ile ile. Jeni ndizo fundi. Anayepiga pampu ni ubongo, ambao hupima hali ya mtu, yaani usingizi, ugonjwa, ushindani, hata mtoto aliyelala kifuani, kisha kupitia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huziagiza korodani ziongeze au zipunguze homoni.

Utafiti wa Cebu, nchini Ufilipino, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia wanaume 624 kuanzia 2005 hadi 2009. Wenye testosteroni nyingi mwanzoni ndio waliokuwa wepesi zaidi kupata wenzi na watoto, na wakishakuwa akina baba homoni hiyo ikashuka kuliko ilivyoshuka kwa waliobaki waseja. Waliolea kwa saa 3 au zaidi kila siku walikuwa na kiwango cha chini kuliko akina baba wasiolea kabisa.

Utamaduni nao una nafasi yake, na ushahidi unatoka kando ya Ziwa Eyasi, hapa Tanzania. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba Wahadzabe wenye watoto, ambao huwabeba na kukaa nao sana, walikuwa na testosteroni ndogo kuliko wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga, wafugaji ambao baba huwa mbali na watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Hata hivyo, Wadatoga huoa wake wengi, kwa hiyo huenda ushindani wa kutafuta mke mwingine nao unachangia.

Mwaka 2012 ilionekana pia huko Cebu kwamba baba anayelala kitanda kimoja na mtoto huwa na testosteroni ndogo zaidi jioni. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wangefaa sana kwa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa siku za giza hukesha ziwani na siku za mbalamwezi hulala nyumbani: mate ya baba yule yule, ambamo homoni hiyo huonekana, yangepimwa katika nyakati zote mbili, ingawa mpimaji angelazimika kutenganisha athari ya kukesha, ambako nako hushusha homoni hiyo.